Herieth wa Kwenye Filamu

Kama uliwahi kuangalia filamu ya kigeni iliyotafsiriwa, ukiwa Temeke, Mbagala au hata Masasi huko, huenda sauti ya mpangaji wangu unayo masikioni. Ni ile sauti nzito yenye mikwaruzo, inayocheka kabla mtu wa kwenye skrini hajacheka. Mwenyewe anaitwa Benedikto, Mmakonde wa Newala, na kwa miaka mingi amepanga vyumba viwili vya uani kwangu hapa Tandika. Mashabiki humwita DJ Bene. Mimi namwita Baba Herieth, kwa jina la mwanawe, kama tunavyoitana wote humu ndani.

Mimi ni Bahiya, mwenye nyumba na mwenye duka la mbele. Sina simile na mpiga kelele, lakini huyu alinikomesha kwa ukimya. Akitaka kurekodi, dirisha linazibwa kwa godoro, halafu inatoka amri: hakuna kutwanga, hakuna kuosha vyombo, na jogoo wangu afungiwe stoo. Katika nyumba yangu mwenyewe! Nilimwambia, "Baba Herieth, jogoo yule kazaliwa hapa, mgeni ni wewe." Akacheka, akasema, "Shikamoo Bi Bahiya," kana kwamba salamu inafuta makosa. Baba yake alichonga vinyago Mwenge mpaka macho yakaisha nguvu. Yeye alipenda kusema kwamba mpingo ulimshinda, anachonga maneno.

Kazi yenyewe iko hivi. Inakuja filamu ya Kikorea au ya Kituruki, ina maandishi ya Kiingereza chini. Benedikto anashika maiki, anaiwasha, anatafsiri papo hapo, wahusika wote kwa mdomo wake mmoja: mzee, mtoto, jambazi, hata mbwa. Filamu yenyewe haiangalii kwanza. Ma-DJ wa mjini wanakimbizana, na anayewahi kwa vijana wanaowajazia watu muvi kwenye flashi ndiye anayesikilizwa. Wa pili anaambiwa hiyo tunayo. Basi anaanza mwanzo bila kuujua mwisho. Na kwa kuwa majina ya kigeni hayakai mdomoni, kila mhusika anapewa jina la kwetu palepale anapotokea. Jambazi anakuwa Gaspar, polisi anakuwa Anselmo, na jina likishatajwa limetajwa, hakuna anayerudi nyuma.

Msichana mkuu, katika kila filamu, aliitwa Herieth.

Hilo lilianza mkewe, Adelina, alipofariki. Mtoto alikuwa mdogo, hataki kulala, anamwita mama yake mpaka sauti inakauka. Benedikto akawa anarekodi amempakata, na kila alipotokea msichana mzuri alimwambia kwenye maiki hiyohiyo, "Huyo Herieth, umemwona?" Mtoto akanyamaza. Tangu hapo Herieth akawa binti mfalme, akawa rubani, akawa daktari wa upasuaji, akawa mpiganaji mwenye upanga. Alipoingia sekondari, watoto wa mtaani walimpisha njia kwa utani, "Komando Herieth anapita!" naye akapita kwa maringo, begi begani, huku anacheka. Nilimpenda mtoto yule. Alinishikia duka nikienda kuswali, na akitoka shule hakuvua viatu kabla hajanipa shikamoo.

Mwaka jana ikaja filamu ya wanafunzi. Shule safi, sare za buluu, msichana mpole anaingia darasa jipya. Benedikto hakufikiri mara mbili. "Huyu hapa Herieth, mtoto wa watu," akasema, na jina likawa limetajwa. Filamu ilipokolea, wanafunzi wenzake wakamzuia msichana yule mlangoni, hatoki, mpaka akajikojolea mbele ya darasa zima. Wakamrekodi. Video ikaenda simu hadi simu, shule nzima, kisha mji mzima. Wakati huo Benedikto yuko kwenye maiki, picha inakwenda, na watazamaji wake wamezoea kuchekeshwa. Akapiga yowe: "Jamani mafuriko! Bonde la Jangwani limehamia darasani! Herieth, toa ndoo mwanangu, dunia nzima inakuona!"

Mvulana mmoja wa darasani kwa Herieth wetu, Brightson, ndiye aliyekikata kipande kile. Aliondoa picha za filamu, akaacha sauti, akaiweka juu ya picha ya Herieth aliyenyeshewa na mvua siku ya mahafali. Akaitupa kwenye kundi la darasa. Kutoka hapo ikaenda shule nzima, na kutoka shuleni ikafika kwa watu wasioijua hata Temeke, wakaanza kuitumia sauti ile kwenye vichekesho vyao, kila mmoja na ndoo yake. Asubuhi moja Herieth akakuta ndoo juu ya dawati. Hakuna aliyemwita Komando tena. Wakamwita Mafuriko.

Nyumbani hakusema neno. Aliacha kula, akaanza kuingia kwa mlango wa nyuma ili asipite dukani. Nikamuuliza, "Umegombana na nani?" akasema, "Kichwa tu, Bi Bahiya." Baba yake alimnunulia dawa ya kichwa.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilikuwa uani nachambua mchele, Herieth anafua nyuma yangu. Benedikto akatoka chumbani mbio, simu ameiinua juu, uso unamng'aa.

"Bi Bahiya, mambo yamejipa! Sauti yangu imetrendi! Mpaka Wakenya wanaitumia, cheki hapa!"

Akaiweka. Jamani mafuriko. Akaiweka ya pili, mtu mwingine, ndoo nyingine, sauti ileile.

"Baba, zima," Herieth akasema.

"Subiri mama, umemwona huyu mnene alivyo..."

"Baba, zima. Huyo ni mie."

Benedikto alikuwa bado anacheka. "Si wewe, mwanangu. Huyo wa kwenye filamu."

"Shuleni wanasema ni mie. Jina langu, sauti ya baba'angu mwenyewe. Mie niwaambie nini?"

Alisema hivyo mikono imejaa povu, hakupandisha hata sauti. Baba yake alibaki amesimama, na simu ikaendelea kujirudia yenyewe mkononi mwake, mafuriko, mafuriko, mpaka nilipoinyakua nikaizima. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani.

Kuanzia kesho yake Benedikto alikuwa mtu wa barabarani. Alikwenda kwa vijana wa flashi hapa Tandika, akaenda Kurasini, akavuka mpaka Kinondoni, anaomba wafute ile filamu. Wengine walidhani ni utani. "Oya DJ, hiyo ndiyo inayotembea, unatuombaje tuifute?" Mmoja alimhurumia, akaifuta mbele ya macho yake, halafu akamuuliza kwa upole, "Ila braza, wote niliowawekea si wanayo?" Akarekodi ombi, kwa sauti yake ileile, akiwasihi watu waache, akisema yule ni binti yake wa kumzaa. Wakalikata na hilo. Wakalibandika mwishoni mwa kile kipande cha kwanza, ikawa kichekesho chenye sehemu mbili. Usiku ule aliung'oa waya wa maiki akautia kwenye mfuko wa plastiki, na sikumsikia akirekodi tena.

Tukaenda shuleni, yeye na mimi. Nilivaa baibui langu la harusini. Mwalimu wa nidhamu alitusikiliza, akakunja mikono, akasema simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo suala hili haliwezi kuwa limetokea shuleni.

"Na ile ndoo juu ya dawati, mwalimu," nikamuuliza, "nayo ni simu?"

Akaahidi kulisema jambo hilo mstarini. Kweli alilisema, asubuhi iliyofuata, mbele ya shule nzima. Alisimama akauliza kwa ukali, "Nani anayemwita Herieth Mafuriko?" Alitaka kutisha, lakini shule nzima iliangua kicheko, mpaka walimu wengine wakageuza nyuso. Mtoto alitoka mstarini akarudi nyumbani kwa miguu, akaingia chumbani na viatu vyake, na shule ikawa ndiyo imekwisha.

Siku zile zilikuwa ndefu. Alilala ameelekea ukutani. Nikipika ndizi anasema ameshiba, nikileta uji unapoa hadi unaweka utando. Benedikto alikaa kizingitini kwake, anaongea, anaomba radhi, anasimulia mambo ya Adelina, na mtoto anavuta shuka mpaka masikioni. Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anaikimbia sauti. Mwanamume yule alikuwa hana kingine cha kumbembelezea mwanawe isipokuwa sauti hiyo.

Alasiri moja nikapeleka uji, nikasikia Benedikto analia humo ndani. Nikashangaa, maana nilikuwa nimemwacha nje. Kumbe ni simu. Herieth alikuwa ameketi kitandani, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ameegemea ukuta, anaangalia filamu ileile. Alikuwa mtulivu. Utulivu ule ndio ulionitisha.

"Bi Bahiya, njoo uone mwisho wake."

Nikakaa. Ulikuwa msiba. Wanafunzi wamevaa nyeusi, wamepanga mistari, maua meupe kila mahali, mishumaa, picha kubwa ya msichana anatabasamu. Mvulana mmoja amepiga magoti. Na juu ya yote, sauti ya Benedikto, imepasuka kwa uchungu: "Herieth, tusamehe. Tulikuwa wajinga. Herieth, rudi, rudi hata mara moja tukuombe radhi."

"Huyu wa mbele ndiye aliyekuwa anamrekodi," Herieth akaniambia. "Sasa hivi ona anavyolia."

"Na msichana mwenyewe yuko wapi?"

"Si alijiua." Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Lakini ona, wote wanampenda. Mpaka mwalimu. Kabla hajafa hakuna hata mmoja aliyemwomba msamaha."

Nikamfokea: "Wanalia kwa sababu wamelipwa, wewe! Wametiwa dawa machoni! Mwenye kamera akisema basi, wanavua hizo nguo nyeusi wanakwenda kula, na huyo binti anatoka alikokuwa anakwenda kula nao. Wewe utatoka?"

Akarudisha nyuma, magoti, mishumaa, Herieth tusamehe. "Baba aliisema vizuri hapa," akasema taratibu.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku ile, na nimezika mume na mtoto. Nilichukua simu mkononi mwake, nikakaa palepale kitandani, nikampigia Benedikto kelele kupitia dirishani mpaka akaja. Kuanzia saa hiyo mtoto yule hakuachwa peke yake. Nikienda dukani yuko baba yake, akienda chooni nasimama uani. Nilimweleza Benedikto nilichokiona, akajishika kichwa. Aliukumbuka msiba ule. Aliniambia kwamba alipokuwa anaurekodi alilia kweli, na kwenye banda la video la Kurasini makuli wa bandarini, wanaume wazima, walifuta machozi. Ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote. Alikuwa amelitia jina la mwanawe kwenye midomo ya waliaji, mara baada ya mara, kwa ustadi wote aliopewa na Mungu.

"Nimemwonyesha kwamba akifa ndiyo watamjua," akasema. "Bi Bahiya, mie nimemfundisha mwenyewe."

"Basi kamfundishe upya," nikamwambia. Nilikuwa mkali kwa sababu sikuwa na ushauri mwingine.

Kesho yake mchana aliingia chumbani kwa Herieth na kompyuta. Hakuziba dirisha. Jogoo yuko nje anapiga kelele zake, jirani anatwanga. Herieth akavuta shuka. "Sitaki kusikia, baba."

"Mara moja tu. Halafu nikinyamaza, nimenyamaza."

Akaiweka filamu pale kwenye msiba, akazima sauti, akaanza kutafsiri bila maiki, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoombea chumvi.

"Huyu aliyepiga magoti anawaza goti linamuuma. Wiki ijayo atakuwa na mwingine wa kumrekodi. Huyu msichana anapanga mstari mzuri wa kuandika chini ya picha ya mishumaa, ili watu wamwone ana huruma. Mwalimu anawaza vikao. Hawa wa nyuma hawakumjua kabisa, wameletwa na gari la shule. Hakuna anayesema Herieth. Hilo jina nililiweka mie, wao hawakulisema hata mara moja."

Shuka ilikuwa imeshuka kidogo. Macho yalikuwa yanaangalia.

Halafu kwenye skrini akatokea baba wa marehemu, ameketi peke yake kwenye benchi, koti limemkaa vibaya. Mzee yule hasemi kitu. Kamera inamtazama, inamtazama tu. Mara ya kwanza, kwa kuwa palikuwa hapana maneno ya kutafsiri, Benedikto alipajaza kwa kutaja namba yake ya simu na kuwasalimia mashabiki wa Mbagala. Sasa alimkodolea macho yule mzee.

"Huyu mzee," akasema. "Huyu mzee hapa hana..."

Akashindwa. DJ Bene, aliyewasemea mbwa na majambazi, hakupata la kumsemea mtu aliyeketi kimya. Alijaribu tena, "Huyu mzee," kisha akainamisha paji la uso mpaka sakafuni akalia kwa sauti, kilio kibaya, cha kukoroma, si kile cha kwenye maiki. Filamu ikaisha, majina yakawa yanapanda.

Herieth alimtazama, hakushuka kitandani kumshika. "Kwa nini hukusema hivi mara ya kwanza?"

"Nilitaka watu walie," Benedikto akasema.

"Walilia," akajibu binti yake.

Jioni ile alikula ndizi nusu sahani, akasema anataka kwenda Newala kwa bibi yake Anastasia, ambaye simu yake ni ya tochi, haichezi video. "Hapa siwezi, baba. Kila simu inayolia mtaani najua ni mie." Benedikto alisema watakwenda pamoja, atakaa huko naye. Mtoto akatikisa kichwa. "Wewe usije. Ukiongea tu kwenye basi, watajua." Basi akaitwa shangazi yake, dada wa Benedikto, akaja kumchukua. Nilimweka shangazi faragha nikamweleza kila kitu bila kupunguza: asimwache peke yake, amwite mganga wa zahanati, awaambie wa nyumbani, asione haya. Aliniapia. Lakini kiapo cha mtu hakikupi usingizi.

Tulikwenda Mbagala alfajiri, kwenye mabasi ya kusini. Karani wa basi aliandika jina la shangazi, akauliza, "Na binti?"

Benedikto kwa mazoea akafungua mdomo. "Huyu mwandike..."

Karani akainua uso. "Mzee, sauti yako mbona kama naijua? Hebu sema tena." Vijana wawili waliokuwa wanapakia mizigo wakageuka, mmoja ameshaanza kutabasamu.

"Anastasia," Herieth akasema haraka. "Andika Anastasia."

Karani akaandika. Benedikto aliufumba mdomo, na kuanzia hapo hakuufumbua mbele ya watu. Alibeba begi kimya, akaonyesha kiti kwa kidole. Ndani ya basi luninga ilikuwa imeshawashwa, filamu iliyotafsiriwa, sauti ya DJ mwingine, namshukuru Mungu.

Basi lilipowashwa tulisimama chini ya dirisha lake. Aliegemeza kichwa kwenye kioo, akatutazama. Nilimwona Benedikto midomo inamcheza. Akainama sikioni kwangu akanong'ona, "Mwambie ale njiani." Nikapaza sauti, "Baba anasema ule njiani!" Akanong'ona tena, "Mwambie nitakuja Krismasi." Nikasema. Basi likaanza kurudi nyuma, na yeye akanishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

"Mwambie Herieth aishi. Bi Bahiya, mwambie, nakuomba. Aishi tu."

Nilitaka kuliita jina lake. Lilikuwa ulimini. Nikawaangalia wale vijana wa mizigo, nikawaangalia abiria madirishani.

"Anastasia!" nikapiga kelele. "Anastasia, baba yako anasema uishi!"

Watu wakageuka kunishangaa. Nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu anayeitikia. Labda lilikuwa basi tu, maana dereva alikuwa ameshakanyaga mafuta na barabara ya pale ina mashimo.